Chumvi Ndani ya Maji na Alama Tuliyoitoa

Miaka kadhaa iliyopita, katika kipindi cha mazoezi ya kufundisha, tuliketi nyuma ya Darasa la Sita la shule moja ya kijijini, karatasi ya tathmini ikiwa magotini petu. Mwanachuo tuliyekwenda kumtazama alikuwa akifundisha mada ya michanganyiko. Andalio lake la somo lilikuwa safi: chumvi itiwe ndani ya maji na kukorogwa, wanafunzi waone kuwa imeyeyuka, kisha maji yachemshwe hadi yakauke, na chumvi ionekane tena chini ya sufuria. Yote yalikwenda kama yalivyoandikwa hadi yapata dakika ya 15, ndipo mtoto mmoja wa kike aliyeketi karibu na dirisha akanyoosha mkono na kuuliza jambo ambalo halikuwamo katika andalio: "Mwalimu, ikiwa imo ndani ya maji, bado ni chumvi?"

Mwanachuo alinyamaza kidogo. Kisha akasema kwamba hana hakika, na kwamba huenda maji yenyewe yakawajibu. Akatoa kabatini kasha la vifaa vya mada ya umeme, ambayo ilikuwa ifundishwe muhula uliofuata, akaunganisha betri nne za redio, balbu ndogo ya tochi, na vijiti viwili vya kaboni vilivyotolewa katika betri kuukuu. Alivitumbukiza vijiti katika kopo la maji ya sukari, balbu haikuwaka. Akavihamishia katika kopo la maji yaliyokolea chumvi, akavisogeza karibu karibu. Watoto wakafunga madirisha bila kuambiwa, na katika kiza kile uzi wa balbu ukaonekana mwekundu kama kaa la moto linalozimika. Mapovu madogo yalipanda kando ya vijiti, na waliokaa mbele walisema wananusa harufu ya maji ya bomba yaliyotiwa dawa. Kengele ikalia. Sufuria haikuwekwa motoni.

Katika karatasi yetu tuliandika: "Ametoka nje ya mada. Lengo la somo halikufikiwa." Tukampa alama ya chini. Kwa kanuni za karatasi ile tulikuwa na haki, na wala hatukukosa usingizi usiku ule.

Tunaisimulia habari hii kwa sababu, muda mrefu baadaye, tulipokuwa tukitayarisha mihadhara michache juu ya historia ya sayansi, tulikutana na alama nyingine ya chini, iliyotolewa katika Chuo Kikuu cha Uppsala, nchini Uswidi, mwaka 1884. Jambo lililowekwa mbele ya watahini wale lilikaribiana mno na swali la mtoto yule.

Yafaa kwanza tueleze shahada ya uzamivu ni kitu gani, maana wanachuo wengi husikia mtu akiitwa "Daktari" wa kemia wakadhani kwamba amesoma vitabu vyote vya kemia vilivyopo. Sivyo. Mtafiti wa uzamivu huchukua swali moja, mara nyingi dogo kiasi cha kumshangaza jirani yake, akalipima na kulipima tena kwa miaka, akaandika tasnifu, kisha akasimama kuitetea mbele ya watahini. Kemia nayo imegawanywa katika matawi. Wako wanaoshughulika na viumbe vya kaboni, kama mafuta, sukari na dawa. Wako wa madini na chumvi. Wako wanaopima joto, umeme na mwendo wa mabadiliko, ambao kazi yao huitwa kemia ya kifizikia. Na wako wa chembe hai. Matawi haya yana maprofesa wake, maabara zake na majarida yake. Mgawanyo huu una manufaa yake, kama ratiba ya shule ilivyo na manufaa yake. Lakini chumvi haisomi ratiba.

Svante Arrhenius alizaliwa mwaka 1859. Alisoma Uppsala, lakini hakuridhika na mafunzo ya fizikia aliyoyapata pale, hivyo mwaka 1881 akahamia Stockholm kufanya kazi chini ya mwanafizikia Erik Edlund katika Chuo cha Sayansi. Huko alipima jinsi mimumunyo ya chumvi, asidi na besi inavyopitisha umeme, na hasa mimumunyo hafifu, ile iliyotiwa maji mengi. Jambo alilolipima linaweza kuelezwa hata kwa watoto. Ukichukua kiasi kile kile cha kitu, ukazidi kukiongezea maji, uwezo wa kila sehemu ya kitu hicho wa kupitisha umeme huongezeka. Arrhenius alijiuliza sababu. Akapendekeza kwamba ndani ya maji sehemu fulani ya kitu kilichoyeyuka huwa katika hali tendaji, yaani inayobeba umeme, na sehemu iliyobaki hulala. Na kadiri maji yanavyozidi, ndivyo iliyolala inavyoamka. Akaenda mbele zaidi, akasema kwamba sehemu hiyo hiyo inayobeba umeme ndiyo inayofanya mabadiliko ya kikemia.

Hapo ndipo alipovuka mpaka. Upimaji ulikuwa wa fizikia. Dai lilikuwa la kemia. Arrhenius mwenyewe alisimulia baadaye jinsi alivyomwendea Per Teodor Cleve, profesa wake wa kemia, mtu mashuhuri aliyegundua elementi mbili mwaka 1879, akamwambia kwamba anayo nadharia mpya ya umeme na kemia. Profesa alimjibu kwa adabu kwamba jambo hilo linavutia sana, kisha akamuaga. Tumewahi kuagwa hivyo, na, tukisema kweli, tumewahi kuwaaga wengine hivyo.

Tasnifu iliandikwa kwa Kifaransa, ikiwa na kurasa zipatazo 150. Wanafizikia waliona kwamba mambo mengi yaliyomo ni ya kemia. Wanakemia waliona kwamba ni ya fizikia. Ilipewa daraja la chini, na utetezi wake ukapewa daraja la juu kidogo. Shahada hakunyimwa, ila alama ile ilimfungia njia ya kawaida ya kupata kazi ya kufundisha katika chuo kile. Yeye hakukaa kuinung'unikia. Alituma nakala kwa wataalamu wa nchi nyingine. Nakala moja ilimfikia Wilhelm Ostwald, profesa kijana mjini Riga, aliyesimulia baadaye kwamba siku moja ilimletea mambo matatu kwa pamoja: maumivu ya jino, binti mchanga, na tasnifu ile, na kwamba tasnifu ndiyo iliyomkosesha raha kuliko yote. Ostwald alikuwa amepima kwa miaka nguvu za asidi mbalimbali katika kuharakisha mabadiliko ya kikemia. Alipolinganisha namba zake na zile za upitishaji umeme, aliona kwamba asidi zilizo hodari katika jambo moja ni hodari katika la pili. Mwaka ule ule wa 1884 alisafiri hadi Uppsala kumtafuta mwandishi wake.

Tusiwacheke watahini wa Uppsala. Walikuwa na hoja, na hoja hiyo ni nzuri kuliko nyingi tunazozisikia katika vyumba vya walimu. Nadharia ile ilipokomaa mwaka 1887, ikasema waziwazi kwamba chumvi ya mezani ikiwa ndani ya maji hugawanyika kuwa sodiamu na klorini zilizotengana, wanakemia waliuliza: sodiamu ni metali inayolipuka ikiguswa na maji, na klorini ni gesi ya sumu, yawezekanaje zikae kwa amani ndani ya kikombe, tena tuyanywe maji yale? Mtoto mwerevu wa Darasa la Sita angeuliza vivyo hivyo. Jibu ni kwamba ndani ya maji hazimo atomu bali ioni, yaani atomu zilizopata au kupoteza chaji ya umeme, na ioni ya sodiamu haina tabia za metali ya sodiamu. Leo tunalisema kwa sentensi moja. Mwaka 1884 elektroni ilikuwa bado haijagunduliwa, kwa hiyo mtu aliyelisema jambo hili hakuwa na cha kuonyesha ila majedwali ya namba.

Sasa tumlete mtu wa pili, aliyeingia kwa mlango mwingine kabisa. Mholanzi Jacobus Henricus van 't Hoff alikuwa mwanakemia wa kaboni. Mwaka 1874, akiwa na umri wa miaka 22, alichapisha kijitabu kidogo akisema kwamba vifungo vinne vya atomu ya kaboni havilali bapa kama tunavyovichora ubaoni, bali vinaelekea pembe nne za umbo la piramidi. Miezi michache baadaye alitoa tasnifu yake ya uzamivu huko Utrecht, na cha ajabu, tasnifu ile haikuhusu wazo hilo hata kidogo. Ilihusu asidi mbili za kaboni, kwa njia ya kawaida isiyoweza kumkera mtahini yeyote. Twadhani alijua alichokuwa akifanya. Mwaka 1877 mwanakemia mkubwa wa Ujerumani, Hermann Kolbe, alimshambulia kwa maandishi makali, akimdhihaki hata kwa kuwa alifundisha katika chuo cha tiba ya mifugo. Kijitabu kimebaki, piramidi ile ndiyo inayofundishwa hadi leo. Tasnifu ile ya asidi mbili ni nadra kutajwa.

Kwa habari yetu, lenye uzito ni alilolifanya baadaye akiwa profesa mjini Amsterdam. Mwenzake mmoja pale, Hugo de Vries, alikuwa mtaalamu wa mimea. Mimea hunywa maji kwa osmosisi. Wanachuo wanaijua kwa kutia kipande cha kiazi kibichi katika maji ya chumvi na kukiona kinalegea. Kutoka kwa de Vries, van 't Hoff alipata habari za vipimo ambavyo mtaalamu mwingine wa mimea, Mjerumani Wilhelm Pfeffer, alivichapisha mwaka 1877. Pfeffer alijaza maji ya sukari katika chungu chenye vinyweleo, kilichozibwa kwa utando unaopitisha maji na kuzuia sukari, akapima msukumo wa maji yanayojipenyeza ndani. Van 't Hoff alizitazama namba hizo akaona jambo lisilotazamiwa na yeyote: sukari ndani ya maji hafifu hufuata kanuni ile ile ya gesi ndani ya chupa. Zihesabu chembe zake, na utaujua msukumo.

Kanuni ilifaa kwa sukari. Kwa chumvi haikufaa. Mmumunyo wa chumvi ya mezani ulionyesha msukumo karibu mara 2 ya ule uliotazamiwa. Chumvi nyingine, kama ile ya kalisiamu na klorini, ilikaribia mara 3. Van 't Hoff hakuificha kasoro hiyo. Aliweka katika kanuni yake herufi moja ya kurekebishia, akaendelea.

Tunapowasimulia wanachuo, hapa ndipo tunapowapa kimya kidogo wafikiri wenyewe, na takriban kila mwaka yuko mmoja anayepiga meza. Ikiwa kanuni inahesabu chembe, na hesabu inatoka mara 2, basi chembe ni mara 2. Chumvi moja imekuwa vitu viwili. Arrhenius alipousoma utafiti wa van 't Hoff aliliona hilo mara moja, na mwaka 1887 akaichapisha nadharia yake kamili katika mwaka wa kwanza wa jarida jipya la kemia ya kifizikia lililoanzishwa na Ostwald na van 't Hoff. Chungu cha mtaalamu wa mimea, waya za mwanafizikia na namba za mwanakemia wa kaboni vilikuwa vimetoa jibu moja, wala hakuna mmoja wao ambaye angelipata akiwa amejifungia chumbani mwake.

Van 't Hoff alipata Tuzo ya Nobel ya kemia ya kwanza kabisa, mwaka 1901. Arrhenius alipata ya mwaka 1903, na hata wakati huo wakubwa hawakujua wamweke wapi: lilitolewa pendekezo agawiwe nusu ya tuzo ya kemia na nusu ya tuzo ya fizikia. Mwishowe alipewa ya kemia nzima. Haki itutake pia tuseme kwamba hakupatia kila jambo. Kwa asidi dhaifu, kama ile ya siki, maelezo yake yalisimama. Kwa chumvi ya mezani hayakusimama yote, maana chumvi hiyo imekwisha kugawanyika yote tangu mwanzo. Kinachobadilika maji yanapoongezwa ni kwamba ioni huachana nafasi na kupunguza kuzuiana, kama Peter Debye na Erich Hückel walivyoeleza mwaka 1923. Hivyo mtahini aliyetafuta kosa katika tasnifu angeliweza kulipata. Kosa lilikuwamo. Lakini ilitolewa alama kwa sababu nyingine.

Tungeliweza kuishia hapa, ila yuko wa tatu ambaye walimu wa shule za msingi hawana budi kumfahamu, na si kwa sababu ya tuzo zake. Marie Curie alianza utafiti wake wa uzamivu mjini Paris akitumia chombo cha fizikia, kilichopima umeme mdogo mno uliosababishwa na miale ya urani. Alipima mawe na madini ya kila namna. Jiwe moja jeusi, pichiblendi, lilitoa miale mikali kuliko urani yenyewe. Alikirudia kipimo, kisha akakata shauri kwamba ndani yake mna kitu kisichojulikana. Kuanzia hapo kazi ikawa ya kemia, tena ya jasho: kuponda, kuyeyusha, kutuamisha, kuchuja, kugandisha fuwele na kuziyeyusha tena, katika kibanda kilichovuja mvua. Na kila alipogawa mchanganyiko mafungu mawili, ni kile chombo cha fizikia kilichomwambia atupe fungu lipi na ashike lipi. Mwaka 1898 yeye na mumewe Pierre walitangaza poloniamu, kisha radiamu. Kufikia mwaka 1902, kutoka katika tani za mabaki ya mgodi, alikuwa amepata desigramu moja, yaani sehemu moja ya kumi ya gramu, ya kloridi ya radiamu. Alipoitetea tasnifu yake mwezi Juni 1903, watahini wake watatu walikuwa wanafizikia wawili na mwanakemia mmoja. Tuzo zake nazo zilifuata mgawanyo huo, ya fizikia mwaka 1903 na ya kemia mwaka 1911.

Miaka ile ile ya kibanda, tangu mwaka 1900, alikuwa pia akifundisha fizikia katika chuo cha ualimu cha wasichana huko Sèvres, na aliwatia wanachuo wake katika majaribio ya mikono, jambo ambalo halikuwa desturi pale. Kisha mwaka 1907 yeye na wenzake maprofesa waliamua kuwafundisha watoto wao wenyewe kwa zamu, watoto kama kumi hivi. Msichana mmoja wa kundi lile, Isabelle Chavannes, aliandika daftari la masomo hayo, na daftari lile lilichapishwa mwaka 2003. Watoto walipima, walielesha vitu majini, walitafuta kama hewa ina uzito. Binti yake Ève amesimulia jinsi mama alivyowauliza watoto wafanye nini ili maji ya moto yasipoe haraka ndani ya chombo. Wakatoa mashauri ya kisomi, ya kuzungushia sufi na kadhalika. Yeye akasema angeanza kwa kukifunika. Tumelisimulia hili mara nyingi, na kila mara wanachuo hucheka kabla hatujamaliza.

Tukirudi katika darasa lile la kijijini, twaona sasa kwamba karatasi yetu ya tathmini ilikuwa na nafasi ya lengo, ya zana, ya sauti, ya matumizi ya ubao na ya usafi wa mwalimu, lakini haikuwa na mahali pa kuandika kwamba mtoto ameuliza swali na mwalimu amelipokea. Hatusemi kwamba andalio la somo ni bure. Mwalimu asiye na andalio hana hata mahali pa kutoka. Na mwanachuo anayekimbilia kila swali atafika mwisho wa muhula bila kufundisha mada tatu. Van 't Hoff mwenyewe aliwapa watahini tasnifu waliyoitaka. Tunachosema ni kwamba tulipoandika "nje ya mada" hatukujiuliza kama mada yenyewe ilikuwa na ukuta mahali pale. Mtoto aliuliza juu ya chumvi na maji. Ni sisi tuliosema kwamba betri ni za muhula ujao.

Siku hizi, tunapokwenda kutazama, tunaandika nyuma ya karatasi maswali ya watoto kama yalivyosemwa, kabla ya kuandika lolote juu ya mwalimu. Wanachuo wanaokwenda kulijaribu jaribio lile tunawaasa watumie betri za redio tu, wasiguse kamwe umeme wa ukutani, wafanye wao wenyewe na si watoto, na wafungue madirisha mara balbu inapokwisha kuonekana, kwa kuwa harufu ile ni klorini.

Alama ya mwanachuo yule hatukuweza kuibadilisha. Matokeo yalikuwa yamekwisha kupelekwa zamani. Tulimwandikia barua, kwa anwani ya shule alikopangiwa kazi, tukamweleza habari za Uppsala na kumwomba radhi. Jibu lilikuja baada ya wiki sita. Alianza kwa shikamoo, akatuuliza hali, akasema kwamba alama ile alikwisha kuisahau, ingawa hatukumwamini. Kisha akaandika kwamba sufuria aliichemsha kesho yake asubuhi, kabla ya gwaride, mbele ya watoto wachache waliowahi kufika. Maji yalikauka, chumvi ikarudi nyeupe pembezoni. Yule mtoto wa dirishani aliionja kwa ncha ya kidole, akauliza: "Sasa ikirudi, inarudi kutoka wapi?" Mwanachuo hakuwa na jibu siku ile, na sasa alikuwa akituuliza sisi. Barua yetu ya pili ilikuwa ya kurasa nne.